Motokaa Mbovu Irudishwe Mapema

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)

Ndugu zetu wa karakana, wa stesheni na wa njia, tumeombwa tuseme machache juu ya mambo yaliyotupata tuliponunua motokaa kuukuu. Sisi si mawakili, ni mafitta kama mjuavyo. Lakini masomo haya tuliyalipia ada kubwa, na ninyi mtayapata bure.

Tulikuwa watu watatu. Tulikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, kila mmoja akamdhamini mwenzake, tukakusanya shilingi 620,000. Nia yetu ilikuwa kupata motokaa ya kupeleka mboga na mayai sokoni, wake zetu waache kubanwa katika matatu na makreti kichwani. Tukaenda kwenye yadi moja mjini. Mwenye yadi akatuambia kwamba motokaa ile imekwenda kilomita 78,000 tu, na giaboksi yake haijaguswa na fundi tangu itoke Japani. Tukaizungusha uwanjani mara mbili, tukatia sahihi. Chini ya risiti palikuwa na maneno madogo: inauzwa kama ilivyo, fedha hazirudishwi.

Siku ya nne giaboksi ikaanza kulia, na mlimani motokaa ikawa haina nguvu. Tuliporudi yadini tulipokewa vizuri sana. Tukaletewa chai. Tukaambiwa, "Itazoea barabara zetu, wazee." Fundi wake akamwaga mafuta, akatia mengine. Wiki iliyofuata tukarudi, chai ikaja tena, mafuta yakamwagwa tena. Hivyo tukaiendesha wiki tisa, na wiki ya kumi giaboksi ikafa kabisa. Siku hiyo hapakuwa na chai. Tuliambiwa, "Someni risiti yenu."

Ndugu, hapa ndipo tunapoona haya. Katika kazi yetu, dreva akisikia sauti ngeni katika injini, haketi kunywa chai na fitta. Anaandika katika kitabu siku ileile: kosa gani, saa ngapi, mahali gani. Kwetu kosa lisiloandikwa halipo. Sisi tuliojua hayo kwa injini ya serikali, tuliyasahau kwa motokaa iliyonunuliwa kwa jasho letu wenyewe.

Sasa sikieni sheria isemavyo, maana sisi tuliisoma baada ya kuumia.

Kwanza, iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya tangu mwaka 1931. Ukinunua kitu kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya namna hiyo, sheria yenyewe hutia ahadi katika mapatano yenu, hata kama hakuna aliyeitamka: kitu hicho kiwe cha hali inayofaa kuuzwa. Na ukimweleza kazi unayokitakia, nawe unategemea ujuzi wake, kiifae kazi hiyo. Kuukuu si kusema mbovu. Rangi iliyopauka na viti vilivyochakaa ni mambo ya umri, usiyadai. Lakini motokaa ambayo giaboksi yake inakufa kabla ya mwezi wa tatu, hilo ni neno la kuulizwa.

Angalieni mambo mawili hapo. Ukiikagua motokaa kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipasa kuiona huwezi kuidai baadaye. Basi ukaguzi uwe wa kweli, si wa kupiga teke tairi. Tena, ahadi hizo za ubora ni juu ya mfanya biashara. Jirani yako akikuuzia motokaa yake mwenyewe hazimfungi. Utamshika kwa yale aliyokuambia tu.

Pili, Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kufaa, kuelezwa habari zake, na kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ikafuata Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Hiyo inasema kwamba maneno ya kuziondoa zile ahadi za sheria ni bure. Kwa hiyo "kama ilivyo" si ukuta. Ni wino tu. Na muuzaji akikudanganya, kwa mfano akisema motokaa imetumika kidogo kumbe imetumika sana, waweza kuyavunja mapatano kwa kumpa notisi kabla ya mwaka mmoja kwisha tangu mlipopatana.

Tatu, na hili ndilo lililotuumiza. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kukikataa, sheria ya bidhaa huhesabu kwamba umekikubali. Hapo njia ya kukirudisha kwa ubovu wake huzibwa, ikabaki ya kudai fedha za hasara. Sheria haikutaja siku ngapi. Inasema muda wa kufaa. Basi usingoje. Wala hulazimiki kuivuta motokaa hadi yadini. Ukiwa na haki ya kuikataa, yatosha umjulishe muuzaji kwamba umeikataa.

Mwisho wetu ulikuwaje? Mmoja wetu alitafuta nakala ya karatasi ya Japani, akakuta kilomita 143,000. Tukaandika barua ya kuvunja mapatano, na mwenye yadi akakataa. Tukapeleka madai katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, imepewa siku 60 za kumaliza shauri, na mtu aweza kujisemea bila wakili. Kabla ya siku ya kusikilizwa mwenye yadi akaja kutaka suluhu. Alishika neno moja: sisi ndio tulioiharibu katika zile wiki tisa. Nasi hatukuwa na barua hata moja ya kumjibu, ila kumbukumbu ya chai. Tukaogopa, tukapokea shilingi 250,000. Mmoja wetu anakatwa mshahara hadi leo, na urafiki wetu ulikaribia kuvunjika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa mdhamini wa mwenzake.

Basi shikeni haya. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na motokaa ipande mlima. Taka karatasi ya Japani, uilinganishe na kilomita za kwenye geji. Angalia jina na namba ya chasisi katika logbuk. Aliyokuambia kwa mdomo, mwombe ayaandike katika risiti. Kosa likitokea, simamisha motokaa, andika barua siku hiyohiyo, eleza kosa na useme unataka nini: fedha zako au matengenezo. Weka nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Akitaka kutengeneza, aandike atamaliza siku gani, na wewe uandike kwamba hujaacha haki yako ya kuikataa.

Bwana Mwenyekiti, tunaleta shauri moja. Mwanachama yeyote anayetaka kununua motokaa kwa mkopo wa chama, atuambie mapema. Sisi watatu tutakwenda naye Jumamosi kuikagua, bila malipo. Tutachukua tochi, spana na kitabu cha kuandikia. Chai tutakunywa tukirudi.