Kinga ya Rais: Nani Anaweza Kuiondoa?

Mvuvi wa Ziwa Mweru akikutwa na wavu uliopigwa marufuku, hupelekwa mahakamani. Je, Rais akituhumiwa wizi?

Ibara ya 98 ya Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema Rais hashtakiwi kwa jinai, na kinga hiyo humfuata hata akistaafu. Lakini Bunge linaweza kumvua mstaafu kinga hiyo. Ripoti ya tuhuma hufika Bungeni, kamati teule huichambua, mhusika hupewa nafasi ya kujitetea, kisha lazima theluthi mbili ya wabunge wote wakubali.

Si nadharia. Julai 2002 Bunge lilimvua kinga Rais mstaafu Frederick Chiluba, na kura ya hapana haikuwepo. Alipanda kizimbani kama raia yeyote, kesi ikaburuzwa kwa miaka, na Agosti 2009 hakimu akamwachia huru. Machi 2013 ikawa zamu ya Rais mstaafu mwingine, Rupiah Banda. Kwa hiyo tusichanganye mambo: kuvuliwa kinga si kupatikana na hatia. Ni kufunguliwa mlango wa mahakama tu.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba ufunguo wa mlango huo wanao wanasiasa, na chama chenye wabunge wengi kinaweza kumlinda mtu wake au kumwandama mpinzani.

Mbunge wako akija kuomba kura, muulize: siku hiyo ikifika, utapima ushahidi au utafuata chama?