Kivoi: Kutoka Msafara wa Pembe Hadi Uongozi



Tumeombwa tuseme juu ya uongozi. Katiba za vikundi mnazo, hatuzisomi tena. Leo tumzungumzie mtu mmoja: Kivoi wa Mwendwa, wa Kitui.

Wakamba wa karne ya 19 hawakuwa na mfalme. Wazee wa kila mtaa waliamua mambo yao. Mtu aliinuka kwa miguu yake mwenyewe: akiongoza kundi la kuwinda ndovu likarudi salama, safari ijayo watu humfuata. Misafara ya Kivoi ilileta pembe mpaka pwani hii yetu, ikarudi bara na nguo na shanga. Cheo hakupewa na mtu. Alijua njia, alijua maji yaliko, na alijua nani wa kusema naye.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mkewe na mtoto walizikwa upande huu wa bara mwaka 1844 (ule mnara wa Nyali wengi wenu mnaupita tu), alifika kwa Kivoi mwaka 1849. Kivoi akamweleza habari za mlima mweupe, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona. Ulaya wasomi wakabisha: theluji gani kwenye ikweta! Kumbe mzee wa misafara alisema kweli. Na jina la nchi yetu limetoka kwenye mlima huo.

Agosti 1851 wakatoka pamoja kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, wafuasi wakatawanyika, Kivoi akauawa. Krapf akatoroka porini peke yake, maji ya Tana ameyatia ndani ya mtutu wa bunduki. Alipowafikia jamaa za Kivoi wakamlaumu: kwa nini hukufa naye? Ikabidi akimbie tena.

Sisi tunaona lawama ile ilikuwa ya uchungu, si ya haki. Lakini tunaielewa. Hawakupoteza ndugu tu. Njia, wadeni, marafiki wa pwani, mengi ya hayo bila shaka yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Sisi tunaovizungukia vikundi, kuanzia Mishomoroni hadi Mtopanga, jambo hili twalijua: mwenyekiti amefariki, daftari halionekani, benki inataka sahihi yake, na wenzake wanamnyooshea kidole aliyekuwa naye mwisho.

Basi kabla ya chai, kila kikundi kituambie: mbali na mwenyekiti, ni nani mwingine anayejua daftari liko wapi?