Aliyefia Lukaya: Deni Letu kwa Askari Kijana



Vita vya 1978 na 1979 tumezoea kuvisimulia kwa majina mawili, Nyerere wa Tanzania na Amin wa Uganda. Leo nawaomba tumtazame kijana aliyekufa akiwa na sare kabla Kampala haijatekwa. Hoja yangu ni moja: kifo chake kisihukumiwe kwa yaliyotokea baada yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Tanzania kaskazini mwa Mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tanzania ikawaita vijana wake. Wengi walikuwa wanamgambo, wakulima na wafanyakazi waliofundishwa bunduki haraka haraka. Januari 1979 wakaitwaa Mutukula, Februari Masaka, na Machi wakafika Lukaya, kilomita zipatazo 100 kutoka hapa Kampala tulipo.

Siku hizi msafiri huijua Lukaya kwa kuku wa kuchoma na ndizi za gonja. Jioni ya 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, iliyojaa wanamgambo ambao wengi wao hawakuwahi kuonja vita, ilishambuliwa pale kwa vifaru na maroketi ya Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Safu zilivunjika, vijana wakatawanyika gizani. Brigedi ya 208 ikazunguka usiku, na kulipokucha ikampiga adui ubavuni. Njia ya Kampala ikafunguka. Wengi wa waliokufa walikuwa Walibya na askari wa Uganda, nao pia walikuwa watoto wa watu.

Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa, na wakazi wakamiminika barabarani kushangilia. Kisha ukafuata uporaji, serikali zisizodumu, uchaguzi wa Desemba 1980 uliotugawa, na damu ya vita vya Luweero. Kwa uchungu huo wengi wetu tuliacha kumtaja aliyefia Lukaya, kana kwamba ni yeye aliyezihesabu kura zile. Hapo tulimdhulumu. Alichokijua ni kwamba kwao kumevamiwa, na kwamba mwenzake yuko kando yake. Tukimpima, tumpime kwa hilo.

Kanuni hiyo haina mpaka. Watanzania wamewazika mashujaa wao Kaboya, wilayani Muleba, na taifa huwaenzi. Je, kijana wa Uganda aliyepelekwa Lukaya na Amin? Huko West Nile, walikotoka wengi wa askari wa Amin, kisasi kilipofika 1980, hata kumlilia hadharani kulikuwa hatari. Amri haikuwa yake, na mama yake hakuzaa dikteta.

Kwa hiyo napendekeza kazi, na iwe ya chuo kikuu chetu. Wanafunzi wa historia waende Lukaya, Masaka, Arua na Bukoba wakawasikilize mashahidi wangali hai, kwa Kiluganda, Kilugbara, Kihaya na Kiswahili. Wakusanye jina, kijiji na umri wa kila aliyekufa, wa upande wowote, na orodha hiyo isomwe madarasani pamoja na majina ya marais. Nchi inayowataka vijana wake wafe kwa ajili yake inawajibika, kwa uchache, kujua walikuwa akina nani.