Jambo lisiloandikwa kwenye kalenda halijadiliwi

Hotuba kwa familia zilizohama na viongozi wa mitaa, Likasi, Haut-Katanga

 

Tunapotembelea familia za Kikula, Panda na Shituru, swali moja linarudi kila mara: «Sisi tuliokimbia vijiji vyetu, Bunge la Kinshasa litazungumza lini juu yetu?» Wengine wanauliza kwa hasira. Wengine wamesikia sokoni kwamba sheria imekwisha kupita, na kwamba malipo yanakuja kesho. Leo tulishike neno hilo moja: lini.

Likasi inajua uchungu wa kungoja bila tarehe. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa katika nyumba zao, maelfu walilala kwenye stesheni ya treni ya mji huu, watoto na vyombo vyao chini, bila kujua treni itakuja siku gani. Mtu anayengoja bila tarehe huamini kila uvumi. Anauza sufuria zake ili arudi kijijini, kisha anakuta usalama haupo. Kijana wake anaambiwa: «Serikali imewasahau, njoo porini uchukue silaha.» Kwa hiyo kujua kalenda ya Bunge ni kazi ya amani pia.

Tuanze na tarehe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Bunge la Taifa na Seneti hufanya vikao viwili vya kawaida kila mwaka. Cha kwanza kinafunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa 15 Juni. Cha pili kinafunguliwa 15 Septemba na kufungwa 15 Desemba. Nje ya hapo panaweza kuitwa kikao cha pekee, lakini hicho hujadili tu mambo yaliyotajwa katika mwito wake. Basi mwaka mzima una miezi sita ya kazi ya kawaida. Mambo ya nchi nzima, kutoka Kasumbalesa hadi Ituri, yanagombea miezi hiyo sita.

Sasa, nani anapanga nini kitajadiliwa? Kila kikao kinapoanza, Mkutano wa Marais hutayarisha mradi wa kalenda. Msidhani ni marais wa nchi. Ni viongozi wa Biro ya Bunge, pamoja na marais wa kamati na wa makundi ya wabunge. Kalenda hiyo hupelekwa mbele ya wabunge wote ili waipitishe. Mswada ambao haumo hukaa katika kabati, hata uwe mzuri namna gani.

Tena, mambo yote hayana nguvu sawa. Kwa Katiba, kama Serikali imejadili katika Baraza la Mawaziri na kuomba mswada fulani utangulie, lazima uwekwe mbele. Bajeti nayo ina haki yake: Serikali inapaswa kuileta tarehe 15 Septemba au kabla, na kwa hiyo kikao cha Septemba humezwa na hesabu za fedha. Halafu kuna mambo ya dharura. Mwezi Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Katiba inatoa siku 30 tu kwanza. Baada ya hapo, ili hali hiyo iendelee, lazima iongezwe siku 15, tena siku 15 nyingine, kila mara kwa kibali kipya. Jambo hilo lilirudi mbele ya wabunge na maseneta mara nyingi sana katika miaka iliyofuata. Kanuni hiyo ni nzuri, maana inazuia utawala wa kijeshi kuendelea bila kuulizwa. Lakini saa zilizotumika hapo hazikutumika kwingine.

Na ndani ya ukumbi, dakika pia ni chache. Bunge la Taifa lina wabunge 500. Kama kila mmoja angesema dakika tano tu juu ya mswada mmoja, zingekuwa dakika 2,500, yaani zaidi ya saa 41. Ndiyo maana wanaotaka kusema huandikisha majina, na mwenye kuongoza kikao hugawa zamu na dakika. Mbunge asiyejiandaa anazimaliza katika salamu. Yule aliyepewa na wananchi wake ukurasa mmoja wenye mambo ya hakika, anasema neno linaloandikwa.

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Ninyi mliotoka upande wa Tanganyika mnajua vita kati ya Batwa na Baluba, hasa mwaka 2016 na 2017, na vijiji vilivyochomwa. Sheria ya kulinda haki za Mbilikimo wenyeji ilipitishwa na Bunge la Taifa tarehe 7 Aprili 2021. Wako walioshangilia siku hiyo kana kwamba kazi imekwisha. Lakini Seneti iliipitisha tarehe 10 Juni 2022, na ikatiwa sahihi na Rais wa Jamhuri tarehe 15 Julai 2022. Kati ya baraza moja na lingine ilipita miezi 14.

Kwa hiyo mkisikia «sheria imepita», ulizeni: imepita mlango gani? Mlango wa kwanza ni kupokelewa na kupelekwa katika kamati. Wa pili ni kura ya baraza la kwanza. Wa tatu ni kura ya baraza la pili, na kama mabaraza hayapatani, hukutana wajumbe wa pande zote mbili kutafuta maneno mamoja. Wa nne ni sahihi ya Rais. Kiongozi wa mtaa akijifunza milango hii minne, atawaokoa watu wake na wanaouza fomu za uongo.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Bunge linahitaji mafundisho yote mawili. Sheria ya ardhi ikipitishwa usiku mmoja bila kusikiliza machifu na waliohama, itazaa vita vipya. Ikikaa miaka katika kabati, mashamba yaliyoachwa yatachukuliwa na wengine, na watoto waliozaliwa hapa mjini hawatajua mipaka ya babu zao.

Sasa sisi tufanye nini? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tutumie likizo za Bunge. Kati ya 15 Juni na 15 Septemba, na kati ya 15 Desemba na 15 Machi, ndipo wabunge hupata nafasi ya kurudi kwa waliowachagua. Tusingoje mlango wa ukumbi ufunguliwe ndipo tuanze kuandika.

Pili, tuombe jambo moja linalojulikana. «Tusaidieni» ni kilio, na mbunge hawezi kukiandika kwenye kalenda. Lakini anaweza kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi, anaweza kuleta pendekezo la sheria yeye mwenyewe, anaweza kutetea fedha za shule fulani katika bajeti. Tuseme tunataka lipi. Kama ni fedha, barua imfikie kabla ya Septemba.

Tatu, tutumie haki ya kuandika pamoja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kumshitaki mtu kwa sababu ya ombi hilo. Tuweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Na yale ya jimbo tuyapeleke Lubumbashi, kwa Bunge la Jimbo, ambalo nalo lina vikao vyake viwili kwa mwaka.

Nne, tuanze nyumbani. Katika mikutano yetu, mambo ya kujadiliwa yaandikwe ubaoni mbele ya wote, na kila msemaji apewe dakika zake, chifu na mjane sawasawa. Mara nyingi jambo la wamama huwekwa mwisho, saa ambayo wamekwisha kwenda kupika. Hapo hatuna haki ya kulaumu Kinshasa.

Ndugu zangu, siwaahidi kwamba kikao kijacho kitamaliza shida zenu. Ninachosema ni kwamba tarehe zinajulikana, na barua inayofika mapema ina nafasi kuliko kilio kinachofika wakati milango inafungwa. Kabla hatujatawanyika leo, kila kamati ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuanza kuandika ukurasa huo mmoja. Sisi tutakaa nao kusaidia kusoma na kusahihisha.