Mkutano Mkuu wa Kijiji na Haki ya Kukataa

Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambavyo leo vimo ndani ya Wilaya ya Kilwa, watu wa Nandete waling'oa mipamba ya shamba la amri. Siku za kazi zilipangwa na akida, wakala wa serikali ya Wajerumani, na hapakuwa na baraza la kumhoji. Naanzia hapo kwa sababu swali lile lingali hai katika kijiji cha Njinjo, Kilwa, na katika kila kijiji cha Mkoa wa Lindi: mwananchi ana pa kusimama akasema hapana, na akasikilizwa? Hoja yangu ni kwamba serikali ya kijiji ina uzito katika demokrasia pale tu mkutano mkuu unapoweza kukataa pendekezo na kudai hesabu. Kusogeza ofisi karibu hakutoshi. Madaraka Mikoani ya 1972 yaliwaleta maofisa wilayani huku yakifuta halmashauri zilizochaguliwa. Ikabidi zirejeshwe kwa Sheria Na. 7 ya 1982, zikaanza kazi tena 1984.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo msituni. Kwa miaka mingi magogo ya mpingo na mninga yalitoka Kilwa, vijiji vikabaki na visiki. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaviruhusu kutenga misitu yao, kuisimamia na kubaki na mapato. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI la Kilwa Masoko, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba mapato na matumizi husomwa mkutanoni, mbele ya mkulima wa ufuta aliyeyaona malori yakipita mlangoni kwake. Mkaguzi wa kutoka mbali anaziona risiti. Mkulima huyu anajua mzigo uliopita.

Wapo wanaosema viongozi wa vijiji nao hula fedha na kuuza ardhi kinyemela. Ni kweli, na inauma. Lakini wizi huo hustawi hasa pale mkutano wa kila miezi mitatu usipoitishwa. Dawa ni kuuitisha, si kuyahamishia madaraka wilayani, ambako nako ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huibua hoja kila mwaka. Wengine husema kijiji hakina utaalamu. Mafuriko ya Januari 2020 katika bonde la Mto Matandu yalihitaji kweli msaada wa taifa zima. Hata hivyo, mhandisi anapochora makazi mapya ya waathirika, mwenye kujua maji hufika wapi na mashamba yako wapi ni mkazi, naye lazima aulizwe kabla mchoro haujapitishwa.

Pingamizi zito zaidi ni uchaguzi wenyewe. Mwaka 2019 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vikuu kujitoa. Mwenyekiti asiyewahi kushindanishwa haogopi mkutano. Mtendaji wa kijiji naye ni mwajiriwa wa halmashauri, na barua ya uhamisho wake haitoki kijijini. Ndiyo maana napendekeza taarifa ya kila robo mwaka ya mkutano mkuu, ikiwa na kura za kukataa, ihesabiwe katika kumpima mtendaji, na kijiji kisichoitisha mkutano kikose kibali cha kuuza hata gogo moja.