Saa Yenye Nyuso Mbili



Wengi wetu tumekua tukiwatazama wazee wakicheza bao chini ya mwembe, au vijana wakicheza drafti barazani kwa vifuniko vya soda. Katika michezo hiyo hakuna anayeshika saa. Mzee huziangalia kete zake, akanywa kahawa, akaitikia salamu za wapita njia, ndipo akanyosha mkono. Akikawia mno hutaniwa, lakini hashindwi kwa sababu ya kukawia.

Dominika ya leo tungependa kuwaelezeni mchezo mwingine, ambao ndani yake kukawia ni kushindwa. Nao ni sataranji ya kasi. Sataranji yenyewe huchezwa juu ya ubao wa miraba 64. Kila mchezaji huwa na kete 16, na mojawapo ni mfalme. Shabaha ni kumbana mfalme wa mwenzako hata akose pa kukimbilia. Katika mashindano ya kawaida mchezo mmoja huweza kuchukua muda wa saa 4 au 5. Lakini katika sataranji ya kasi kila mchezaji hupewa dakika chache tu kwa mchezo mzima. Katika mashindano ya dunia ya siku hizi ni dakika 3, pamoja na sekunde 2 za nyongeza kwa kila hatua.

Pembeni mwa ubao huwekwa saa moja yenye nyuso mbili. Zamu ikiwa yako, dakika zako ndizo zinazokwenda. Ukiisha kusogeza kete unabonyeza saa, upande wako unasimama na wa mwenzako unaanza kwenda. Saa za zamani zilikuwa na kibendera kidogo kilichoinuliwa na mshale wa dakika. Muda ulipotimia, kibendera kilianguka, na mwenye kibendera hicho kwa kawaida alihesabiwa kuwa ameshindwa, hata kama kete zake zilikuwa zimekaa vizuri kuliko za mwenzake.

Mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huona mikono ikipishana, kete zikianguka, saa ikipigwa kwa kishindo. Atasema kwamba hapa hakuna akili, ni bahati tu. Atawakumbuka na wahenga waliosema kuwa haraka haraka haina baraka. Lakini tumwangalie mtu mmoja aliyeupenda mchezo huu hata ukingoni mwa maisha yake.

Mikhail Tal alizaliwa mwaka 1936 katika mji wa Riga, nchini Latvia. Tangu kuzaliwa mkono wake wa kulia ulikuwa na kasoro ya vidole, na kwa miaka mingi aliteswa na ugonjwa wa figo. Hata hivyo mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 1988, akiwa na miaka 51, alishinda mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi huko Saint John, Kanada, ambako Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Karpov aliyemtangulia, walikuwa miongoni mwa washiriki. Na mwezi Mei 1992, mgonjwa sana, alitoka hospitalini mjini Moscow akaenda kucheza mashindano ya kasi, na humo akamshinda Kasparov. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Juni 1992, akafariki dunia.

Tujiulize: mtu mwenye mwili uliochoka namna ile alipata wapi hatua njema ndani ya sekunde chache? Si katika zile sekunde. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walieleza uchunguzi wao. Waliwaonyesha wachezaji ubao wenye kete kwa sekunde 5 tu, kisha wakawaambia wazipange upya kwa kukumbuka. Bingwa alizirudisha nyingi mahali pake. Anayeanza alikumbuka chache. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, pasipo mpango wa mchezo wowote, bingwa hakumzidi sana yule anayeanza. Basi siri haikuwa macho makali, wala kichwa kikubwa. Siri ilikuwa miaka mingi ya kujifunza taratibu, hata mipango ya kete ikawa imekaa moyoni. Wakati unapokuwa mfupi, mkono hufanya lile ambalo moyo ulijifunza wakati ulipokuwa mrefu.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu alifundisha jambo hili kwa mfano wa wanawali kumi, tunaousoma katika Injili ya Mtakatifu Mathayo. Wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Wote waliamshwa na sauti ile ile ya usiku wa manane. Tofauti yao haikufanyika usiku ule. Ilifanyika mchana, walipokwenda kuchukua mafuta au kuacha kuyachukua. Usiku uliidhihirisha tu.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe, maana hatupendi kuwahubiria wengine yale yaliyotushinda. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kikao cha kamati ya ujenzi wa kigango. Tulikuwa tukijadili mabati: tununue mazito kwa mkopo, au mepesi kwa fedha iliyopo. Jioni ilipoingia, akafika kijana kwa baiskeli. Alisema, "Padre, Baba anakuomba uje pamoja na Baba Mkubwa." Baba yake alikuwa mgonjwa, na Sakramenti alikwisha kuzipokea asubuhi. Aliyekuwa akimtaka ni kaka yake, ambaye hawakusemezana naye muda mrefu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Na huyo kaka alikuwa ameketi palepale, mezani petu, mjumbe wa kamati.

Tulimtazama, naye akatutazama. Kisha tukasema, "Mwanangu, tangulia. Tumalize kwanza ajenda hii." Ajenda ilichukua saa nzima. Tulipofika na taa yetu tulisikia kilio kabla hatujaukaribia ua. Yule kaka alisimama mlangoni, kofia mkononi, asiweze kuingia wala kurudi.

Tumeutafakari usiku ule mara nyingi. Hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa na mazoea. Kwa miaka mingi tuliufundisha moyo wetu kutanguliza vikao, na saa ilipokuwa fupi mkono ukafanya kile ulichozoezwa. Na yule ndugu naye aliufundisha moyo wake kungoja mwenzake aanze kusema. Hatua njema sote tuliijua. Haikuwa imekaa mkononi.

Je, mwenye kuchelewa amekwisha kabisa? Katika sataranji ya kasi ipo kanuni moja tunayoipenda. Mchezaji akiziangusha kete kwa pupa, hana budi kuzisimamisha tena kwa muda wake mwenyewe, saa yake ikiendelea kwenda. Haruhusiwi kumgharimia mwenzake. Msimu wa mvua uliofuata, yule kaka alikwenda peke yake shambani, akang'oa alama za mpaka, akamwachia mjane wa ndugu yake ile mistari minne ya mahindi iliyokuwa chanzo cha ugomvi. Kisha akamlimia. Ndugu yake hakuweza kuliona hilo kwa macho ya mwili. Lakini aliyeangusha alisimamisha, kwa siku zake na kwa jasho lake. Toba ya kweli ina gharama, na anayeilipa ni mwenye kosa.

Basi tufanye nini? Tujizoeze katika mambo madogo, wakati bado ni mchana. Mume aliyesema neno kali asubuhi asingoje Pasaka. Aombe radhi kabla ya kwenda kazini. Majirani waliokosana, mmoja na aanze salamu. Kila usiku tujichunguze kwa dakika 5 kabla ya kulala. Nanyi makatekista wetu, msikate tamaa mnaporudia sala zile zile na watoto wanaosinzia. Mnaweka mafuta katika taa zao. Itafika saa ambayo mmoja wao, akiwa kitandani pa ugonjwa, hataweza kutunga maneno, nayo yale mliyomfundisha yatakuja yenyewe midomoni. Samaki mkunje angali mbichi.

Wachezaji wa sataranji wana nafuu moja kuliko sisi: wanaziona nyuso zote mbili za saa. Kila mmoja anajua amebakiwa na muda gani, na mwenzake amebakiwa na gani. Sisi hatuioni saa yetu, wala ya ndugu aliyeketi nasi mezani. Kwa hiyo akituita, tuondoke. Mabati yatangoja.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuzihesabu siku zetu. Uijaze mioyo yetu mema tungali na nafasi, ili saa ya ghafla itakapotufikia, mikono yetu isitafute la kufanya, bali ilijue. Na pale tulipokwisha kuangusha, utupe moyo wa kusimamisha. Amina.