Kikapu Kikikosolewa

Leo tunazungumza na wasusi wa vikapu vya mkoma wa Lodwar, Kakuma na Lopur. Soko la Kakuma, lililokua pamoja na kambi ya wakimbizi tangu 1992, lina wanunuzi wa mataifa mengi. Kikapu kimoja utakisuka peke yako. Oda ya vikapu mia yataka kundi: mkono mmoja haulei mwana. Mkishirikiana, hata nauli mtagawana.

Mteja akirudisha kikapu akisema kitako kinayumba, usimfokee. Kiweke chini, kibonyeze ukingoni. Kikiyumba kweli, kosa liko kwenye mizunguko ya mwanzo. Kinachofuata kikaze mapema. Kwenye kundi, kosoeni kikapu, si msusi. Anayelalamikia bei tu, mweleze siku ulizosuka, kisha mpatane. Kagueni vikapu vyote kabla ya mzigo kupanda gari.